Tulivyomtunza Marehemu wa Opera

Noti zilirudishwa mkononi mwangu zimekunjwakunjwa kama karatasi za kufutia midomo. Aliyenirudishia alisema, mbele ya waimbaji wote, wapiga fidla wote, na marehemu mwenyewe ambaye alikuwa ameshafufuka na anakunywa maji ya chupa:

"Hapa si baa, mama. Chukua hela zenu, chukua watu wako, chukua na mkasi wako. Kesho usije."

Huyo alikuwa mkurugenzi wa opera yetu. Jina lake siliandiki, lakini mwenyewe atajijua: miwani ya fremu ya njano, skafu shingoni hata Desemba jua likiwa linapasua kichwa. Pembeni yake alisimama mkosaji wa pili, dada wa uhusiano na jamii. Kazi yake katika kampuni ni kutuleta sisi watu wa kawaida tuone opera. Alikuwa anaangalia simu yake kwa makini kama mtu anayesomewa habari za msiba. Hakunyanyua kichwa. Angenyanyua, angesema neno moja tu, nisingekuwa naandika haya.

Mimi si mtu wa kulialia. Nimekaa Johannesburg miaka ishirini na kitu. Kibanda changu kimevunjwa mara mbili na watu walioniambia nirudi kwetu. Mara ya pili waliondoka na cherehani, kitambaa, hadi sufuria ya wali iliyokuwa motoni, na wali wenyewe ulikuwa bado kiini. Nilicheka nikijua watakula mbichi. Nikaanza upya. Lakini kurudishiwa tuzo! Kwetu Tanga tuzo ikishatoka mkononi imetoka. Mwimbaji akiikataa amekuambia hutoshi. Mtu mwingine akiirudisha kwa niaba yake, hilo hata jina halina, maana halijawahi kutokea.

Machozi yalinitoka. Na hapohapo katikati ya machozi nikamwona yule marehemu, binti wa Soweto, anakunywa maji na noti ya randi hamsini bado imegandia kwenye jasho la paji la uso wake. Watu wote wanaiona. Hakuna anayethubutu kumwambia. Kicheko kikanipanda kutoka tumboni nikashindwa kukizuia, nikawa nalia huku nacheka. Mkurugenzi akadhani namcheka yeye. Sawa, na yeye nilimcheka.

Basi ngoja nirudi nyuma, niwaeleze mtu wa darasa la sita aliingiaje kwenye opera.

Karakana yangu iko Doornfontein, ghorofa ya pili. Tuko washonaji watano, cherehani zetu zimepangana kama madawati, na upande wa pili wa korido kuna msusi, mwanamke wa Bukavu, Mkongo mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tunashona sare za shule, mapazia, nguo za harusi. Siku moja ghorofa ya tatu ikapata wapangaji wapya. Asubuhi yake tukasikia mwanamke anapiga ukelele mrefu usiokwisha, halafu mwanamume akamjibu kwa ukelele mzito, halafu watu thelathini wakawajibu wote wawili kwa pamoja. Uzi ulinikatika.

Nikamwambia msusi, "Hawa ni kanisa la kutoa mapepo."

Akatega sikio. "Hapana, mama. Kanisa batu banapumzika. Hawa hawapumziki."

Wiki hiyohiyo akashuka mwanamume mmoja mkubwa kama kabati, anatembea kinyumenyume, mgongo ameuegemeza ukutani. Suruali ilikuwa imepasuka kuanzia mshipi hadi karibu na goti. Alikuwa amepiga magoti kumposa mtu, ndani ya wimbo, na suruali ikakataa uchumba. Juu walikuwa wanamsubiri, kwa hiyo nikamshona akiwa ameivaa, ameinama juu ya meza yangu, washonaji wote wamegeukia ukutani wanatikisika kwa kicheko. Nilipokata uzi akasimama, akanishukuru kwa kuimba. Kwa karibu hivyo! Vifungo vyangu vikalia ndani ya kopo. Nikahisi sauti imepita kwenye mbavu ikatokea mgongoni. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kutoa kitu kama kile bila kipaza sauti, bila umeme, bila chochote isipokuwa chakula alichokula mchana.

Kesho yake mwenye miwani ya njano akashuka mwenyewe. "Nani ameshona ile suruali?" Nikadhani nimeharibu. Kumbe anataka mshonaji.

Kampuni yenyewe si ile ya majumba yenye mapazia ya mahameli. Ni ya kuzungukazunguka, na lori lao moja: leo ukumbi wa jamii Soweto, Jumamosi ijayo ghala la mizigo Midrand. Na michezo yao, jamani! Hakuna aliyewazuia. Niliwashonea opera ya watu wanane waliokwama ndani ya lifti kwa saa mbili. Mkurugenzi alitaka jasho lao lionekane likizidi kadiri hewa inavyopungua, kwa hiyo nikawawekea sponji zenye maji ndani ya makwapa ya koti. Akibana mkono, linatiririka. Tulifanya opera ya kuku. Kuku thelathini wanamshitaki mbweha mahakamani, kuku wanaimba Kizulu, mbweha anaimba Kijerumani, na hakimu ni jogoo asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mikia niliishona kwa vyandarua vya mbu nilivyovitia rangi. Tulipoifanya kule ghala la Midrand, dereva wa foklifti alisahau kwamba kuna onyesho, akakatiza katikati ya kesi na shehena ya friji. Watu wakampigia makofi. Mkurugenzi akaja kunishika mabega: "Umeona, mama? Umeona? Hiyo ndiyo opera!"

Nami niliona. Sitakataa hata leo na uchungu nilionao. Nilipenda kama mwendawazimu. Nilikuwa naamka kabla ya saa, natembea kwenda Doornfontein naimba wimbo wa jogoo peke yangu kwenye robot, zile taa za barabarani, nikisubiri ya kijani, watu wananikwepa. Nikaanza kutoa maoni. Nikamwambia mkurugenzi mbweha asivae koti jeusi, avae suti ya kijivu kama watu wa benki. Akaruka juu. Akawaambia watu wake, "Huyu mama ndiye mtu pekee hapa anayeelewa."

Akaniahidi. Haya ndiyo maneno yake, si yangu: onyesho lijalo likienda vizuri, nitaajiriwa moja kwa moja, nitapewa meza ya dirishani kule ghorofa ya tatu, na kwenye kijitabu wanachogawa mlangoni kutaandikwa jina langu, na mbele yake: Mshonaji. Labda kwako wewe si kitu. Mimi nimeshona sare za shule ambazo watoto wamevaa, wamekua, wamezaa watoto wengine wamevaa. Hakuna hata moja iliyowahi kuandikwa imeshonwa na nani. Ule mstari mmoja niliutaka kuliko chakula.

Onyesho lenyewe lilikuwa jipya, limetungwa hapahapa. Ni habari ya msusi wa mjini aliyeachwa na mumewe. Anaugua, anakataa kwenda kulala, na anafia kwenye kiti chake mwenyewe cha saluni, wateja wamekaa na mataulo shingoni. Binti wa Soweto ndiye aliyekuwa msusi. Mkurugenzi akasema gauni la kufia liwe la nywele. Nywele za bandia, za kusukia, kuanzia begani hadi sakafuni. Nikamwita jirani yangu wa Bukavu, tukakaa wiki tatu, yeye anasuka, mimi nashonea kwenye kitambaa cha ndani. Gauni lilipoisha lilikuwa zito kama kondoo aliyenyeshewa. Lakini binti alipogeuka ndani yake, ile misuko yote ikainuka kwa pamoja ikazunguka, tukapiga kelele kama tumeona jini.

"Mama," akaniambia msusi, "mimi nitaenda kuona hii robe yangu inakufa. Hawawezi nizuia."

Hapo ndipo anapoingia dada wa uhusiano na jamii. Alikuja karakana na tiketi za onyesho la Jumapili alasiri, ukumbi wa Soweto, za bure, kwa ajili ya "jamii za wahamiaji." Akasema, "Waambie waje kama walivyo. Hatutaki watu wakae kimya kama wako kwenye mtihani. Wakifurahi, waonyeshe kama wanavyoonyesha kwao."

Nikamuuliza, "Kama kwao kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Dada, unajua kwetu watu wakifurahi wanafanyaje?"

"Hicho ndicho tunachokitaka!" Akanikumbatia. Msusi aliona. Washonaji wanne waliona.

Nikampelekea habari shoga yangu wa Unguja, anayeuza viungo Fordsburg. Huyu amekwenda kwenye taarabu tangu yuko tumboni mwa mama yake. Mwaka huo mumewe alikuwa amemuacha kwa mwanamke mwingine kule Mayfair, na yeye hakuwa ametoa hata chozi moja. Alikuwa anapima bizari na kunyamaza. Nikamwambia kuna opera, habari ya mwanamke aliyeachwa.

"Anaimba nini?"

"Anaimba anakufa."

"Kwa ajili ya mwanamume? Mjinga. Nitakuja."

Walikuja kumi na mmoja. Wamevaa kanga sare, wamejifukiza udi mpaka mwenye kukagua tiketi alipiga chafya mara tatu. Wakakaa safu ya mbele kabisa, wamenyooka, vibeti mapajani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la pembeni na pini zangu kwenye kifundo cha mkono, maana lile gauni halikuaminika.

Sehemu ya kwanza wakatulia kama watoto wa madrasa. Mimi nikajivuna. Halafu ukafika wimbo wa mwisho. Binti amekaa kwenye kiti cha saluni, taa moja tu juu yake. Anaimba polepole, na juu ya jukwaa kuna kibao cha maandishi kinachotafsiri. Ikaandikwa: Wewe uliyeniacha nikiwa mzima, leo umekuja kunitazama ninavyokufa.

Nikasikia kutoka safu ya mbele, "Ehee!"

Binti akaurudia ule mstari, juu zaidi. Na hapo shoga yangu wa Unguja akasimama.

Asiyejua taarabu nimweleze. Ukisikia mstari unaokuhusu, huwezi kukaa. Unainuka, unatembea kwa madaha, bega hili, bega lile, noti umeishika kwa vidole viwili, unakwenda hadi kwa mwimbaji unampa. Maana yake: hilo ulilosema ni langu, umenisemea, asante. Si fujo, ni heshima. Mwimbaji asiyetunzwa anakwenda nyumbani anajiuliza amekosea wapi.

Basi akapanda ngazi za jukwaa, kanga inameremeta, macho yamejaa maji, yale machozi ya mwaka mzima. Akafika kwenye kiti cha saluni, akamwekea binti noti kwenye kiganja, akakikunja kile kiganja kwa mikono miwili. Nyuma yake tayari msusi wa Bukavu anakuja, na hawa Wakongo hawana habari za kiganja. Wao wanabandika kwenye paji la uso. Akalamba noti, pah! akabandika.

"Si hivyo!" shoga yangu akamnong'oneza. "Unamgandikia kama stempu!"

"Njo vile, mama! Kwetu njo vile! Wewe unamuficha kwa mukono, nani atajua kama alipewa?"

Haya wanayasema mgonjwa yuko katikati yao anakata roho kwa Kizulu.

Na wengine tisa wamo ngazini, wamepanga mstari, mabega yanacheza. Ukumbi mzima umeshika pumzi. Kiongozi wa okestra fimbo iko juu, macho yamemtoka, lakini mkono unaendelea kupiga, Mungu ambariki. Shoga yangu akageuka akaniona pale pembeni. Akanipungia. "Shoga! Unangoja nini?"

Ningeweza kukataa. Naandika ukweli wote, na huu ni mmoja: nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nilikumbuka meza ya dirishani. Nilikumbuka ule mstari kwenye kijitabu. Lakini yule binti akafungua macho, yeye ambaye alitakiwa awe ameshayafumba, akatuangalia sisi wanawake tuliomzunguka, na sauti yake ikapanda. Sijui ilitoka wapi. Ilipanda ikapita pale ilipokuwa inakomea kwenye mazoezi yote, nami nilikuwepo kwenye mazoezi yote, ikakaa huko juu inatetemeka, haishuki. Miguu yangu ikatoka yenyewe. Nikaenda na pini zangu mkononi, nikachomoa noti niliyokuwa nayo kwenye sidiria, nikamtunza. Kisha nikapiga kigelegele. Wote kumi na mmoja wakapokea. Ukumbi ukalipuka. Bibi mmoja wa Soweto safu ya nne akapanda juu ya kiti, akapiga chake cha Kizulu, watu wakasimama, na binti akafa kwa furaha, kichwa kikaanguka nyuma, misuko ikamwagika, noti kwenye paji.

Sijawahi kufurahi vile, wala sitegemei kufurahi vile tena.

Halafu pazia, na yale niliyoanza nayo. Mlinzi aliyeagizwa kunitoa alikuwa mtu wa Lubumbashi, namfahamu, nimewahi kumpunguzia suruali. Alinishika kiwiko kwa vidole viwili kama anashika yai. "Mama, unisamehe. Ni kazi tu. Lakini, mama," akaangalia nyuma, "ile ilikuwa muzuri sana."

Jumanne yake, saa sita mchana, binti wa Soweto akaingia karakana. Nikadhani ameleta zipu. Akasimama katikati ya cherehani, mikono kiunoni.

"Mama, nasikia nilitunzwa."

"Ulitunzwa."

"Kwa hiyo zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha bahasha, nilikuwa nimezihifadhi, sikuweza kuzitumia. Akasema siku ile aliona zikirudishwa, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni zake. Angejua angemng'ata mtu. Akasema amesoma kuimba miaka mingi, na watu humpigia makofi wakiwa mbali kule gizani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu alikuja karibu kumwambia amemsikia. Akanyoosha mkono. Mimi nikaanza kumpa.

"Weee!" Msusi alikuwa amesimama mlangoni na kitana. "Hawezi kupewa bure. Aimbe kwanza!"

Akamwita shoga yangu kwa simu, njoo upesi, njoo na teksi. Tulipotimia, mafundi wakazima cherehani. Binti akapanda juu ya stuli yangu akaimba ule wimbo mwanzo hadi mwisho, kwenye karakana, madirisha yanalia. Wapangaji wa ghorofa ya nne walishuka. Mwenye spaza wa chini akafunga duka akaja. Tukamtunza upya, kiganja na paji, kila mtu kwa desturi yake, na mwenye spaza ambaye hana desturi akampa soda mbili na mkate. Mteja mmoja wa msusi alikuja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, analia kabisa.

Nilifikiri mambo yameishia hapo, na kwamba yameishia vizuri. Lakini binti aliposhuka kwenye stuli akawa mzito. Akatoa simu. "Mama, sikutaka uje usikie kwa watu."

Gazeti. Mwandishi alikuwa ukumbini ile Jumapili. Akanisomea, huku ananifasiria kwa Kizulu changu cha sokoni. Eti onyesho lilikuwa la kawaida, hadi pale wanawake wa mtaani walipopanda jukwaani kumpa mgonjwa heshima yake kabla hajafa. Eti ni ujasiri wa hali ya juu. Eti hongera kwa mkurugenzi. Na chini yake mkurugenzi amehojiwa. Hakusema, "Yalitokea." Hakusema, "Niliwafukuza." Alisema alitaka kuvunja ukuta kati ya jukwaa na watu.

Ukuta! Mtu aliyenitoa kwa mlinzi!

Shoga yangu akacheka hadi akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Mimi nikacheka naye, kile kicheko ambacho ukikiacha kinageuka kitu kingine. Binti akasema bado kuna zaidi. Mkurugenzi ameajiri waigizaji sita kutoka chuo. Sasa wanapanda kila onyesho.

Tukaenda kuona. Binti alitupatia tiketi tatu, na safari hii tukakaa nyuma, tumevaa mabaibui meusi kama wapelelezi. Ulipofika ule wimbo, wakatoka. Ewe Mola wangu. Kanga walizovaa zilikuwa zimekatwa. Kanga! Zimetiwa lastiki kiunoni kama sketi ya shule, pindo limekwenda na mkasi, na mmoja wao maneno ya kanga yako miguu juu. Wakapanda wote sita kwa wakati mmoja, kabla mstari wenyewe haujafika, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kama watu wanaopanga foleni kwenye ofisi ya vibali. Noti zao za karatasi ya kuchapa. Wakaziweka, wakageuka, wakashuka. Hakuna aliyelia. Hakuna hata aliyesukuma mwenzake.

"Hawakuachwa hawa," shoga yangu akasema kwa huzuni kabisa. "Hata hawajawahi kuchelewa kupigiwa simu."

Na kwenye kijitabu nikatafuta. Nilisoma kidole juu ya kila mstari. Gauni la nywele limeandikwa: wazo la mkurugenzi. Mshonaji hakuna. Msusi hayupo. Wanawake sita wa chuo wapo, majina yao yote.

Baada ya onyesho kampuni ina tabia ya kukaa jukwaani na kujibu maswali ya watu. Mkurugenzi akaketi na skafu yake. Bwana mmoja akauliza, lile wazo zuri la wanawake na noti alilipata wapi. Akafikiri, akatazama dari.

"Lilinijia usingizini," akasema.

Shoga yangu hakunong'ona. "Alilala wapi huyo? Kwangu?"

Safu yetu ikageuka, ingawa hakuna aliyeelewa Kiswahili isipokuwa mmoja mbele, Mrundi sijui, ambaye mabega yake yalianza kutikisika. Mimi nikanyoosha mkono. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa yuleyule dada wa uhusiano na jamii. Akaniona. Alinitambua vizuri, baibui na yote. Akampa mtu wa kulia kwangu. Nikanyoosha tena, akampa wa kushoto. Mara ya tatu nikasimama kabisa, na mikono yote miwili juu kama mtu anayesimamisha teksi, akasema kwa sauti tamu, "Kwa bahati mbaya muda umekwisha."

Meza ya dirishani nasikia imewekwa mashine ya kahawa.

Basi nauliza kwa maandishi, kwa kuwa kipaza sauti nilinyimwa. Wewe dada wa uhusiano na jamii: ulisema waje kama kwao, au hukusema? Nilikuuliza mara mbili, ukanikumbatia, nina mashahidi watano. Kwa nini ulinyamaza? Na wewe mwenye miwani ya njano: kama tulichokifanya kilikuwa uchafu wa baa, kitoe kwenye onyesho lako leo. Na kama ni kizuri hata umekivalisha lastiki ukakizungusha mji mzima, niambie kwa nini ulinirudishia tuzo mkononi, na kwa nini jina langu halipo. Sitaki barua. Sitaki kuitwa ofisini kwa chai na biskuti. Ulinifukuza mbele ya waimbaji wako wote, wamevaa nguo nilizowashonea mimi. Waite walewale. Nami nitakuja na wale kumi na mmoja. Simama hapo, utujibu.